Chuki kama Neno la Kushtaki: Maana na Matumizi Yake katika Lugha, Fasihi na Sheria

1. Utangulizi

Wachunguzi wa maana katika Kiswahili aghalabu huvutiwa na maneno yanayotukuzwa na washairi: mapenzi, subira, utu, heshima. Neno chuki halijapata bahati hiyo. Kamusi hulieleza kwa mistari michache, mwalimu hulifundisha kama kinyume cha upendo, na somo huishia hapo. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 neno hili limekuwa miongoni mwa maneno mazito mno katika maisha ya umma nchini Kenya, kwa sababu mtu aweza kutiwa gerezani kwa kuhusishwa nalo. Neno likishafikia daraja hiyo, haitoshi tena kulieleza kwa kutaja kinyume chake.

Makala hii inanuia kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, umbo na historia ya kitenzi -chukia vinaonyesha kwamba neno hili limesafiri kutoka kwenye hasira ya kupita hadi kwenye uadui wa kudumu, wala safari hiyo haijafuta kabisa maana za awali. Pili, katika mazungumzo ya kila siku chuki hutumika zaidi kumshtaki mwingine kuliko kueleza hali ya msemaji mwenyewe. Tatu, fasihi yetu imekwisha kutenganisha hisia, tendo na usemi kwa namna ambayo sheria bado haijaifikia. Tutadai kwamba bila utenganisho huo istilahi “matamshi ya chuki” itaendelea kuwanasa wasiohusika na kuwapita wanaohusika.

2. Umbo na safari ya neno

Kitenzi -chukia kina sura ya kauli ya kutendea, lakini msemaji wa leo hana kitenzi cha msingi anachoweza kukinyambua ili akipate. Kwake yeye -chukia ndiyo mwanzo. Kutokana nacho tunapata -chukiana, -chukiwa, -chukiza, -chukizwa, na nomino chuki, machukio na chukizo. Katika lahaja za kaskazini, ambamo sauti /ch/ ya Kiunguja mara nyingi hulingana na /t/ (cheka na teka, chukua na tukua), kitenzi hiki hutokea kama -tukia. Yafaa msomaji wa mashairi ya Mvita na Lamu alikumbuke hilo, asije akadhani mshairi anazungumzia jambo lililotokea ilhali anazungumzia moyo uliochafuka.

Jambo lenye uzito zaidi ni kauli ya kutendwa. Leo tukisema “fulani amechukiwa”, tunaelewa kwamba watu wanamchukia: yeye ndiye anayeelekezewa hisia. Katika Kiswahili kongwe cha pwani, hususan katika hekaya, “akachukiwa” iliweza kumaanisha kwamba yeye mwenyewe alikasirika au alikwazika. Sultani aliyeletewa habari mbaya alichukiwa, akanyamaza, na baadaye akatulia. Hisia ilimjia kama mvua inavyomnyeshea msafiri, kisha ikapita.

Mabadiliko haya si madogo. Umbo lile lile lililomtaja mwenye hisia sasa linamtaja mlengwa wake. Nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na -chukizwa, ambayo daima hubeba kivuli cha sababu: aliyechukizwa amechukizwa na jambo, na jambo lenyewe laweza kutajwa, kupimwa na hata kuondolewa. Kwa hiyo lugha imegawanya kazi. -Chukizwa imebaki na hasira yenye sababu na kikomo. -Chukia imebeba msimamo usioonyesha kikomo, na pengine usioonyesha sababu.

Hata hivyo, maana kongwe hazifi kwa amri. Mtu anaposemwa kuwa “ana chuki”, bila kutajwa dhidi ya nani, wazee wengi wa pwani husikia habari ya tabia: huyu ni mwepesi wa kununa, hatanii wala hataniwi. Kijana wa Nairobi asikiapo maneno hayo hayo huuliza mara moja: chuki dhidi ya nani? Mmoja amesikia habari ya tabia, mwingine amesikia habari ya mlengwa. Tofauti hii ya vizazi na mahali ndiyo inayofanya tafsiri ya neno katika ushahidi wa mahakamani kuwa jambo la hatari.

3. Chuki na majirani zake

Neno halieleweki pasipo majirani zake. Kiswahili kina uwanja mpana wa maneno ya kutopenda, na kila moja lina mpaka wake.

Kinyaa ni cha mwili. Huelekezwa kwa uchafu na chakula kilichooza, na hufuatana na kichefuchefu. Mtu akimwonea mwenziwe kinyaa amekwisha kumshusha hadhi, amemweka katika kundi la vitu. Karaha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni pungufu ya hapo: jambo la karaha linaudhi, halitishi. Ukoo wake unaonekana pia katika makuruhu ya wanasheria wa Kiislamu, yaani lile ambalo ni bora kuliacha ingawa kulitenda si dhambi. Kinyongo na fundo ni chuki iliyowekwa akiba. Kinyongo hulindwa na mwenyewe. Fundo hukaa moyoni mpaka lifunguliwe. Husuda na kijicho zina sababu iliyo wazi: neema ya mwingine. Uadui na uhasama si hisia bali ni mahusiano, na ndiyo maana mataifa mawili huweza kuwa na uhasama hata kama raia wao hawana chuki.

Neno bughudha lastahili kutazamwa peke yake. Katika Kiarabu asili yake ni chuki yenyewe. Lilipoingia Kiswahili likahama: kumbughudhi mtu leo ni kumsumbua, kumwandama, kumnyima raha. Hisia ikageuka kitendo. Twadai kwamba uhamaji huu haukutokea kwa bahati, bali unaafikiana na mwelekeo mpana wa Kiswahili wa kuitambua chuki kwa dalili zake za nje. Wasiopendana “hawapikiki chungu kimoja”. Wamenuniana. Mmoja akipita, mwingine husonya. Methali inayojulikana sana yasema: akufukuzaye hakwambii toka. Hekima yake ni kwamba chuki halisi haitamkwi. Husomwa katika kiti ambacho hukuandaliwa na katika mazungumzo yanayokatika uingiapo.

Tukishayaona majirani haya, mpaka wa chuki unadhihirika. Haina mwili kama kinyaa, haina sababu ya lazima kama husuda, si uhusiano wa pande mbili kama uhasama, wala si tendo kama bughudha. Ni mwelekeo wa moyo dhidi ya mtu au kitu, na kwa kuwa umo moyoni, unahitaji ushahidi. Ndipo tunapofikia sifa yake kuu ya kimatumizi.

4. Nafsi ya kwanza inavyokwepwa

Hebu tusikilize jinsi kitenzi hiki kinavyogawanywa baina ya nafsi. “Ananichukia”, “wanatuchukia”, “ana chuki binafsi nami”: kauli hizi ni za kawaida sokoni, ofisini na katika mikutano ya ukoo. “Ninamchukia”, kwa upande wa pili, ni nadra, na itamkwapo hushtua. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kueleza hali hiyo hiyo kwa nafsi ya kwanza ana njia nyingi za kukwepa: simpendi, sitaki hata kumwona, hatuelewani, damu zetu hazipatani. Katika kauli hizo za mwisho lawama imegawanywa kwa wawili, au imetupiwa damu, ambayo haiwezi kujibu.

Kwa hiyo chuki ni neno la kushtaki. Kulitumia kwa mwingine ni kudai kwamba matendo yake hayana sababu ya haki. Mkosoaji anayeambiwa “una chuki” amevuliwa hoja zake zote kwa neno moja. Hoja hazijibiwi tena, bali hutafutwa ugonjwa wa moyo uliozizaa. Utani wa mjini wa kumwambia mtu kwamba ana “chuki bure” unabeba mantiki hiyo hiyo. Neno bure linamnyima mshtakiwa hata haki ya kuwa na sababu. Wanasiasa wetu wameigundua faida hii zamani, na mwanafunzi wa uhakiki anapaswa kuitambua, kwani hata katika fani yetu kuna waandishi ambao huwajibu wahakiki wao kwa namna hiyo.

Nafsi ya kwanza imeanza kurudi, lakini kwa mlango mwingine. Vijana wa mijini husema “nachukia Jumatatu” au “nachukia msongamano wa magari”. Hapa athari ya Kiingereza iko wazi: kitenzi kimepewa kazi ya kueleza kero ndogo, na mlengwa si mtu tena. Hatuna sababu ya kulalamika kwamba lugha inaharibika. Maneno ya hisia hupungua uzito katika lugha zote. Tunachotaka kionekane ni kwamba neno linavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Katika kinywa cha kijana linakuwa jepesi kuliko lilivyopata kuwa. Katika kinywa cha mwendesha mashtaka linakuwa zito kuliko lilivyopata kuwa.

5. Ushahidi wa fasihi

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni kisa cha chuki ambacho hakikumpa mhusika yeyote jina la Chuki. Nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mwandishi ameitaja sababu badala ya hisia, na kwa kufanya hivyo amemnyima msomaji njia ya mkato. Hatuambiwi kwamba ndugu hao ni watu wenye chuki kwa maumbile yao. Tunaonyeshwa husuda ikikua hadi inapowafanya wamtose ndugu yao baharini. Nyuso zao kabla ya tendo hilo si za uadui. Wanakula naye na kusafiri naye. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga.

Kinyume chake ni Adili mwenyewe. Baada ya nduguze kugeuzwa manyani, anaamriwa kuwapiga kila usiku, naye anawapiga huku moyo ukimuuma. Mtu aliyetazama kwa mbali bila kujua kisa angeapa kwamba ameona chuki tupu: mtu mwenye cheo akiwacharaza wanyama wanyonge usiku. Angekosea. Shaaban Robert ametuwekea picha mbili zinazokabiliana: tabasamu lenye chuki na mjeledi usio na chuki. Fundisho la kihakiki ni kwamba tendo peke yake halitoshi kuthibitisha hisia, kama vile wema wa nje hautoshi kuikanusha.

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, inatuletea tatizo jingine. Mbele ya mahakama, Shylock wa Shakespeare anakataa kutoa sababu ya kudai nyama ya Antonio badala ya fedha. Anataja chuki yake tu, na kuifananisha na hali ya watu wasioweza kumvumilia nguruwe au paka. Kwa msomaji wa Kiswahili ulinganishi huo unagonga mpaka tulioutaja hapo juu, kwani Shylock anaisukuma chuki kuelekea kinyaa, jambo la mwili lisilojadiliwa. Lakini mchezo wenyewe umekwisha kutupa sababu tele: kutemewa mate, kuitwa mbwa, kuharibiwa biashara. Shylock ni mmoja wa wachache wanaoikiri chuki kwa nafsi ya kwanza, na anaikiri ili asilazimike kutaja majeraha yake. Mtu anayesema “ninachukia tu” huenda ndiye mwenye sababu nyingi kuliko wote.

Mfano wa tatu ni wa Kenya na haukubuniwa. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi chake “Kenya: Twendapi?” cha mwaka 1968. Kosa aliloshtakiwa nalo lilikuwa la uchochezi dhidi ya serikali. Sheria ya kosa hilo, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, ilihusu, pamoja na mengine, nia ya kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Hapo chuki ilikuwa neno la kumlinda mtawala asichukiwe na raia wake. Swali la iwapo mtawala alikuwa ametenda la kuchukiza halikuwa na uzito.

Diwani iliyotokana na kifungo hicho, Sauti ya Dhiki (1973), yaweza kusomwa kama jibu kwa shtaka hilo. Katika “Mamba” mshairi hatangazi kwamba anamchukia mnyama huyo mwenye nguvu. Anamkumbusha kwamba nguvu zina mwisho. Katika “Siwati” tunakuta ushikilivu wa msimamo, si matusi. “Kuno Kunena” inahoji ni vipi kusema kumeleta balaa. Mwenye kutafuta chuki katika mashairi haya atakuta uchungu, onyo na ukakamavu. Kama sheria iliiona chuki katika kijikaratasi chake, ni kwa sababu iliangalia jinsi mtawala alivyojisikia badala ya kuangalia alichoandika mwandishi. Kwa istilahi za sehemu ya pili ya makala hii, mtawala alichukizwa, naye mwandishi akahukumiwa kana kwamba alichochea chuki. Vifungu hivyo vya uchochezi viliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997.

6. Chuki mbele ya sheria

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,000 waliuawa, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Kifungu cha 13 kinamtia hatiani mtu atumiaye maneno, maandishi au mwenendo wenye vitisho, matusi au dharau, ikiwa anakusudia kuchochea chuki ya kikabila au ikiwa mazingira yaonyesha kwamba chuki hiyo yaelekea kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, imeyaondoa matamshi ya aina hiyo katika ulinzi wa uhuru wa kujieleza. Hatua hizi zilihitajika. Asiyeyajua yaliyotokea katika Bonde la Ufa hana haki ya kuzibeza. Neno ambalo zamani lilimlinda mtawala sasa linailinda jamii ya jirani, na hayo ni maendeleo.

Lakini mhakiki wa lugha anakabiliwa na mashaka matatu. La kwanza ni kwamba sheria inaeleza chuki ya kikabila kuwa ni chuki dhidi ya kundi linalotambulika kwa rangi, mbari, uraia au asili ya kikabila au ya kitaifa. Tumeambiwa inaelekezwa kwa nani. Hatukuambiwa ni nini. Kiini kimeachiwa ufahamu wa kawaida, na tumekwisha kuona kwamba ufahamu wa kawaida wa Lamu si ule wa Nairobi.

La pili limo katika istilahi ya Kiswahili yenyewe. Katika isimu, matamshi ni utoaji wa sauti. Kinachoshtakiwa ni kauli, si namna ilivyotamkwa. Hilo lavumilika, kwa kuwa matumizi yamekwisha kuizoesha istilahi. Lisilovumilika kwa urahisi ni utata wa kihusishi “ya”. Machozi ya furaha hutokana na furaha. Maneno ya hekima yana hekima ndani yake. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Je, matamshi ya chuki hutokana na chuki, yana chuki, au huzaa chuki? Sheria inajali zaidi maana ya tatu. Umma unasikia ya kwanza. Ndiyo maana mwanasiasa aliyeshtakiwa hukimbilia kujitetea kwamba yeye hamchukii mtu yeyote, ana marafiki katika kila kabila, na hata ameoa huko. Utetezi huo waweza kuwa wa kweli kabisa, na bado usihusiane na kesi.

La tatu ndilo zito zaidi. Lugha iliyotumika kuwafukuza watu makwao haikulitaja neno chuki wala haikuwa na tusi ndani yake. Wageni waliitwa madoadoa. Waliitwa kwekwe. Doa huwa kwenye nguo, na nguo hufuliwa. Kwekwe huota shambani, na shamba hupaliliwa. Ni msamiati wa usafi na bidii, maneno ambayo mama humwambia mwanawe asubuhi. Nguvu yake inatokana na hapo: humfanya mtendaji ajione kama mfuaji au mkulima, asijione kama mwenye chuki. Huko Rwanda mwaka 1994 watangazaji wa redio ya RTLM waliwaita Watutsi mende, kwa Kinyarwanda “inyenzi”, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waliohusika na kituo hicho. Mende huonewa kinyaa, na kinyaa, tulivyosema, huwageuza watu kuwa vitu. Anayeonewa kinyaa hachukiwi, anafagiwa.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotangaza mwaka 2022 orodha ya maneno ya kuepukwa kabla ya uchaguzi, madoadoa, kwekwe na mende yalikuwamo. Nia ni njema, lakini orodha haiwezi kumaliza kazi. Sitiari ni chemchemi: ukiziba tundu moja, maji hutokea jingine. Kesho litatumiwa neno la jikoni au la uvuvi, lisilo na doa lolote katika kamusi. Kinachohitajika ni ujuzi wa kusoma uhusiano baina ya neno, mahali, msemaji na wakati, na ujuzi huo ndio ambao idara za fasihi zinadai kuufundisha.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba chuki katika Kiswahili ni hali ya moyo inayotambuliwa kwa dalili, inayotajwa kwa mwingine kuliko kwa nafsi, na ambayo inapokuwa kali zaidi huacha kujiita jina lake. Fasihi yetu ililijua hili. Hasidi na Mwivu walitabasamu, Adili akapiga huku akilia, na mshairi aliyefungwa kwa kuchochea hakuandika matusi.

Yafuatayo basi yanapendekezwa. Wanakamusi waandike maana ya kale na ya sasa ya -chukiwa, pamoja na mpaka wake na -chukizwa, badala ya kutosheka na visawe. Wafasiri wa sheria wapendelee “uchochezi wa chuki” pale sheria inapokusudia matokeo, na kuiacha “kauli za chuki” kwa maudhui. Mahakama nazo, zinapopokea ushahidi wa lugha, zisiulize tu kamusi inasema nini, bali pia ni nani alisema, kwa nani, na msimu gani. Neno kwekwe lililosemwa shambani wakati wa palizi ni ushauri. Likisemwa jukwaani mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, katika eneo ambalo nyumba zilichomwa, ni jambo jingine kabisa, ingawa sauti ni zile zile na kamusi ni ile ile.